PIKIPIKI INAYOTETEMA: NAMNA YA KUTAFUTA SABABU, NA NANI ALIPE

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Saboti. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Kamati ilituomba tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni pikipiki inayotetema pasipo sababu kujulikana. Huenda wengine watauliza: je, hilo ni jambo la chama? Si kazi ya fundi? Twajibu ya kwamba ni jambo la chama kabisa. Tumeletewa mashauri ya wenzetu waliokatwa mshahara, au waliotishwa kukatwa, kwa ajili ya pikipiki za kazi zilizoharibika, na katika mashauri hayo neno la kwanza la msimamizi huwa ni lile lile: "Umeiendesha vibaya." Mfanya kazi ambaye hajui kutafuta chanzo cha ubovu hana la kujibu. Anainamisha kichwa, anatia sahihi, na mwisho wa mwezi bahasha ni nyepesi.

Basi kwanza tuseme sheria yasemaje, kwa kifupi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa ajili ya mali yake iliyoharibika au kupotea, lakini ni pale tu uharibifu ulipotokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Yaangalieni vizuri maneno hayo: kosa la makusudi. Boliti iliyolegea yenyewe si makusudi yako. Beringi iliyokula umri wake si makusudi yako. Tena jumla ya makato yote haipasi kupita theluthi mbili za mshahara. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mwenye mahali pa kazi atunze mitambo iwe salama, na yakutaka wewe utoe habari kwa msimamizi wako mara uonapo hatari kubwa. Ukiisha kutoa habari hiyo, hawezi kukulazimisha urudi katika hatari ile kabla hajaiondoa.

Haya ni maneno mazuri, lakini hayatoshi. Ukienda mbele ya meneja na kusema "sheria yasema hivi", naye akasema "pikipiki inatetema kwa sababu unapakia kupita kiasi", nani atamwamua? Yafaa uweze kumwonyesha chuma chenyewe. Ndiyo maana tumekuja na spana leo.

Sasa, mtetemo ni nini? Kila kitu kinachozunguka katika pikipiki kina mwendo wake, na kila kimoja hutikisa kwa kadiri ya mwendo huo. Ukijua ni mara ngapi mtikisiko unarudi, umekwisha kukaribia kujua umetoka wapi. Hilo ndilo shina la habari yote, na wengi wa mafundi wa kando ya njia hawalishiki. Wao huanza kwa kununua kitu kipya.

Tuchukue mfano. Gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi za hapa kwetu ni la inchi 17, na likizunguka mara moja pikipiki husogea kama mita 1.8. Ukienda kilomita 60 kwa saa, umekwenda karibu mita 17 kwa sekunde moja. Gawanyeni: gurudumu limezunguka mara tisa na zaidi kidogo katika sekunde hiyo. Mara tisa ni mapigo ambayo mwili wa mtu huyasikia moja moja, kama kukaa juu ya gunia linalogongwa gongwa. Lakini injini katika gia ya mwisho, kwa mwendo ule ule, huenda inazunguka mara themanini na zaidi kwa sekunde. Hayo si mapigo tena. Ni mnong'ono, ni mwasho wa mikono, ni vidole vinavyokufa ganzi na kioo ambacho ndani yake huwezi kuona gari linalokujia nyuma. Basi mtu akikuambia "pikipiki inatetema", swali la kwanza ni hili: inakurusha, au inakuwasha? Ikikurusha, tazama magurudumu. Ikikuwasha mikono na nyayo, tazama injini na vile viishikavyo.

Katikati ya hizo mbili iko cheni. Tuseme gurudumu la meno la nyuma lina meno 42 na la mbele lina 14. Lile dogo huzunguka mara tatu kila la nyuma linapozunguka mara moja. Kwa hiyo likiwa limepinda au limekaa upande, mtikisiko wake kwa mwendo wa kilomita 60 ni kama mara 28 kwa sekunde, yaani mngurumo. Na cheni yenyewe ikiwa na pingili 120, huzunguka nzima mara moja baada ya gurudumu kuzunguka karibu mara tatu. Hapo ndipo penye siri nzuri. Sukuma pikipiki polepole kwa mkono, injini imezimwa na gia imetolewa, baada ya kutia alama ya chaki juu ya tairi. Ukisikia pahali pazito, hesabu: je, pazito parudi kila gurudumu linapozunguka mara moja, au kila mara tatu hivi? Pakirudi kila mara moja, ubovu uko katika gurudumu, au katika breki yake, au katika gurudumu la meno la nyuma. Pakirudi kila baada ya karibu mara tatu, cheni ina pahali palipokauka au palipovutika, na hakuna tairi mpya itakayoiponya.

Baada ya kuuliza maswali hayo, yapasa kuijaribu njiani. Chagueni pahali penye lami nzuri na tambarare, pasipo watu wengi wala mteremko. Barabara ya changarawe haifai, maana yenyewe yatetemesha kila kitu, na huwezi kujua lipi la njia na lipi la mashine. Wenzetu wa huku huenda nayo hata barabara ya Kiminini, asubuhi kabla malori hayajazidi. Endesha kwa kilomita 40 katika gia ya nne. Kisha endesha kwa 40 ile ile katika gia ya tatu. Magurudumu yanazunguka sawasawa mara zote mbili, lakini injini inazunguka upesi zaidi katika gia ya tatu. Mtetemo usipobadilika, si wa injini. Ukibadilika, umeikaribia injini. Kisha ukiwa katika mwendo, shika klachi na uachie mafuta, uiache pikipiki iteleze. Mtetemo ukiendelea vile vile mpaka mwendo upungue, ni wa magurudumu, tairi au beringi. Ukikoma mara moja uliposhika klachi, ni wa injini, au ni wa cheni inapobeba mzigo. Mwisho simama, toa gia, piga resi polepole mpaka kufika kiasi kile kile cha mzunguko. Ukitetemeka hapo hapo ulipo, basi ni injini, au boliti zinazoishika, au bomba la moshi. Usiipige resi kwa dakika nyingi. Injini hizi zapozwa na upepo wa mwendo, na ikisimama haina upepo.

Majaribio hayo matatu hayagharimu senti, ila petroli kidogo. Twashangaa mara nyingi kuona watu wamekwisha tumia maelfu ya shilingi kabla ya kuyafanya.

Juu ya magurudumu tutapita upesi, kwa maana wengi wenu mwayajua. Msimu wa mvua, angalieni matope kwanza. Udongo wa huku chini ya Mlima Elgon hushika kama saruji, na donge lililokauka upande mmoja wa rimu laweza kuitikisa pikipiki nzima; tumeona mtu aliyeuziwa beringi mbili hali dawa ilikuwa ni ndoo ya maji. Kisha gongeni spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Fungeni kijiti kwenye mkono wa nyuma, ncha yake ikaribie rimu, mzungushe gurudumu. Nafasi ikibadilika kupita kama milimita 2, rimu imepinda. Tazameni ule mstari mwembamba ulioko ubavuni mwa tairi karibu na rimu, uwe umelingana pande zote, kwa maana tairi isipokaa vizuri hurukaruka hata kama ni mpya. Shikeni gurudumu juu na chini mlisukume kwa upande; likicheza, ni beringi. Kwa mbele, inueni gurudumu lisiguse chini, shikeni miguu ya mbele mivute na kuisukuma, kisha geuzeni usukani polepole: ukikwama kidogo katikati, kana kwamba unaingia katika shimo, mipira ya shingo imekula njia yake.

Liko jambo moja la gurudumu la nyuma ambalo mafundi wengi hulisahau, nalo ni zile raba zilizo ndani ya habu, baina ya gurudumu na meno ya cheni. Kazi yake ni kupunguza mshtuko injini inapovuta. Shika gurudumu lisizunguke, kisha jaribu kulizungusha lile gurudumu la meno kwa mkono. Likicheza sana kabla ya kukaza, raba zimekwisha, na pikipiki itakuwa ikigonga kila unapoongeza au kupunguza mafuta. Raba hizo ni za bei ndogo. Tena petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini ivute kwa kushtuka shtuka, na mtu akadhani ni cheni. Plagi ikitolewa itakuambia.

Sasa tuje kwa injini, kwa kuwa ndiko shauri letu lilikofikia mwisho.

Pikipiki zetu nyingi zina pistoni moja. Pistoni hiyo yapanda na kushuka, na kila inapofika juu au chini husimama kabisa kisha kugeuka, nayo hutaka kuivuta injini nzima iende pamoja nayo. Watengenezaji hutia uzito upande wa pili wa krankishafti ili kupingana na nguvu hiyo, lakini hauwezi kuimaliza. Ukiimaliza ya juu na chini, unaanzisha nyingine ya mbele na nyuma. Kwa hiyo huwa wanaipunguza karibu nusu, na iliyobaki wanaiachia fremu ichukue. Injini nyingine zina shafti ya pili ya kuleta mizani, nayo ina alama ambayo yapasa kulingana na alama ya krankishafti. Fundi akiifungua injini ya namna hiyo na kuirudisha bila kulinganisha alama, shafti ile iliyowekwa ili kutuliza itakuwa inachochea. Basi kumbukeni swali hili: mtetemo ulianza lini, na injini ilifunguliwa lini?

Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, huchukua maziwa kwa pikipiki ya mwajiri wake kutoka kwa wakulima hata mahali pa kupozea. Hubeba mitungi miwili, asubuhi na mapema, kwa njia za changarawe. Pikipiki ilianza kutetema. Alitoa habari kwa mdomo, msimamizi akasema ni mzigo na matuta. Ikanunuliwa tairi ya nyuma. Mtetemo ukabaki. Zikakazwa spoki, zikatiwa beringi mpya. Mtetemo ukabaki. Ndipo akaandikiwa barua ya kwamba ameiharibu mashine kwa uendeshaji wa ovyo, na gharama zote zitakatwa katika mshahara wake kwa mafungu, na fungu la kwanza likakatwa mwezi ule ule.

Mwenzetu alikuwa na kitu kimoja kizuri, nacho ni daftari la shule la kurasa 32. Kila siku huandika lita alizochukua, kilomita, na lolote lililotokea. Mle ndani tukakuta siku injini ilipoteremshwa kutiwa ringi za pistoni, kwa fundi aliyechaguliwa na mwajiri; na siku kumi na mbili baadaye tukakuta neno "mikono inawasha". Kabla ya siku ile hakuna neno kama hilo katika daftari lote.

Tuliomba ruhusa ya kuijaribu pikipiki mbele ya msimamizi mwenyewe, na tukapewa. Twasema mbele yake, kwa kuwa ukigundua jambo peke yako watasema umelitengeneza. Kwa kilomita 40 katika gia ya nne, mtetemo ulikuwa mdogo. Katika gia ya tatu kwa mwendo ule ule, ulikuwa mkubwa. Aliposhika klachi, ulikoma. Ilipopigwa resi imesimama, ukarudi, na vioo vyote viwili vikawa kama maji. Basi tairi, spoki na beringi zilizonunuliwa hazikuwa na hatia yoyote, na hilo msimamizi aliliona kabla hatujafungua hata nati moja.

Kisha tukatumia vidole. Injini ikiwa inanguruma polepole, weka ncha ya kidole juu ya mahali chuma cha injini kinapokutana na chuma cha fremu, nusu ya kidole huku na nusu huku. Jihadhari na bomba la moshi na silinda, ni moto. Pande mbili zikitetema pamoja, pamekaza. Ukisikia upande mmoja unakwenda na mwingine unabaki, kana kwamba kitu kinakutafuna kidole, hapo ndipo. Boliti za chini na za nyuma zilikuwa nzuri. Ile ya juu, inayoshika kichwa cha injini kwenye fremu, ilitafuna.

Tukazima, tukaacha ipoe, tukatazama kwa tochi. Kuizunguka boliti ile palikuwa na unga mwekundu kama kutu laini. Unga huo ndio shahidi mkubwa, nanyi mwujue. Vyuma viwili vinavyosuguana kidogo kidogo, mara maelfu kwa dakika, hutoa unga wa namna hiyo. Penye oili huwa kama tope jeusi. Hautoki kwa kuendesha upesi, wala kwa mzigo wa siku moja. Hutoka pahali ambapo hapakukazwa, au pamekazwa na kitu kisichofaa. Msimamizi alileta spana ya 14, ambayo kwa kawaida ndiyo hushika boliti ya milimita 10 ya pikipiki hizi. Ikazunguka patupu. Akaleta ya 12, ikashika barabara. Yaani palitiwa boliti ya milimita 8 katika tundu la milimita 10, na juu yake zikawekwa washa mbili ili kulificha tundu. Boliti ilipotolewa ilikuwa imelika upande mmoja, na kile kibati kinachoshika injini kilikuwa na ufa mdogo kama unywele, umeanza kwenye tundu.

Ufa huo ndio uliotutia hofu kuliko mshahara. Kibati kikikatika, uzito wote wa mtikisiko wahamia kwenye boliti zilizobaki, na baadaye kwenye fremu yenyewe. Mtu aliye na mitungi miwili nyuma, akishuka mteremko wakati wa mvua, hana haja ya kufundishwa yatakayofuata.

Kikachomelewa kibati kipya, ikanunuliwa boliti ya kipimo chake. Nalo lina namna yake: zipenyezeni boliti zote kwanza bila kukaza, muiache injini ikae pahali pake yenyewe, kisha mkaze zote kwa zamu. Ukiikaza moja kabisa wakati nyingine hazijaingia, injini hukaa kwa kuvutwa, na italegeza tena. Wala msitie bomba kwenye spana ili kukaza kwa nguvu za ng'ombe, maana boliti huvutika shingo na kukatika baadaye. Baada ya kilomita mia chache, kazeni tena.

Ama juu ya fedha, fungu lililokatwa lilirudishwa, na barua ikaondolewa katika faili lake. Lakini siku tatu ambazo pikipiki ilikuwa gereji naye akakaa bila kazi, hizo hazijalipwa mpaka sasa, na mwajiri asema hakumwita kazini. Shauri hilo bado liko mezani, na mjumbe wa kazini atawaletea habari.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika barua za waajiri, nalo ni mwili. Mwaka 1918 daktari mmoja wa Marekani, bibi Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford katika jimbo la Indiana, waliotumia nyundo za upepo. Alikuta vidole vyao vyageuka vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi penye baridi. Baadaye jambo hilo hilo lilionekana kwa wakata miti wanaotumia misumeno ya injini. Na huko Japani wataalamu waliwachunguza wapeleka barua wa posta, ambao hukaa juu ya pikipiki siku kutwa, wakaona ya kwamba nao wamo katika hatari hiyo. Mtetemo husonga mishipa midogo ya damu na kuchosha neva za vidole, na baridi huzidisha. Sisi Kitale tuko juu karibu mita 1,900, na mchukuzi wa maziwa hutoka alfajiri. Basi mtu akikuambia vidole vyake vyageuka vyeupe na kuuma akianza kupata joto, usimcheke wala usimwambie ni baridi tu. Aende kwa daktari, na amwambie wazi kazi yake ni nini na saa ngapi kwa siku. Nchi za Ulaya ziliweka kanuni mwaka 2002 inayompasa mwajiri kupima mtetemo wa mikono na kuupunguza ukifika kiasi fulani. Kamati ingefanya vema kuliweka jambo hili katika mazungumzo yetu yajayo na waajiri, pamoja na glavu za baridi.

Tena msitoe vile vyuma vizito vilivyo katika ncha za usukani. Vijana wengi huvitoa ili kutia raba za mikono za rangi rangi. Vyuma vile si pambo. Vimewekwa ili usukani usiitikie mtetemo wa injini. Tumemwona mwanachama akilalamika juu ya injini, na injini haikuwa na neno.

Sasa mtatuulizia, wakati wa kutoa habari niandike nini? Andika tarehe, namba ya pikipiki, kilomita, na mambo manne: mtetemo unasikika wapi, mikononi, miguuni au kitini, kwa mwendo gani, waondoka au hauondoki ukishika klachi, na ulianza baada ya nini. Usiandike "pikipiki ni mbovu". Neno hilo halimfungi mtu. Andika nakala mbili, moja mpe msimamizi, ya pili aitie sahihi uiweke. Akikataa kutia sahihi, mwonyeshe mjumbe siku hiyo hiyo, naye aandike ya kwamba ameiona.

Maswali mawili yaliulizwa baada ya hotuba, nayo tunayatia hapa.

Ndugu mmoja wa bodaboda aliuliza: "Mimi sina mwajiri. Namlipa mwenye pikipiki hesabu ya kila siku. Boliti ikikatika ni ya nani?" Tulimjibu ya kwamba shida yake ni kukosa maandishi. Mahakama huangalia jinsi watu wawili wanavyofanya kazi pamoja kwa kweli, lakini ni njia ndefu na ya gharama. Ni afadhali mwandikiane sasa, hata katika karatasi moja ya daftari: tairi na cheni ni za nani, injini na fremu ni za nani, na siku pikipiki iko kwa fundi hesabu inadaiwa au haidaiwi. Wako wenye pikipiki wa Matisi na Tuwan waliokwisha kukubali kuandika hivyo, na hawakufilisika.

Wa pili aliuliza kwa nini pikipiki yake hutikisa kichwa ikifika kilomita 50, hali amekaza kila kitu, magurudumu ni mazima na klachi haibadilishi neno. Tukamwomba ailete mlangoni tuione. Ilikuwa na mwavuli ule mkubwa wa kukinga jua na mvua, umefungwa kwenye usukani kwa vyuma viwili. Upepo huukamata kama tanga la jahazi, na usukani huyumba nao. Alisema abiria wake wanaupenda. Tukamwambia basi aende 40.

Spana za tawi, pamoja na tochi, ziko kwa katibu, na mwanachama yeyote aweza kuziazima kwa siku moja kwa kuandika jina. Ile ya 14 haijarudi tangu wiki iliyopita. Aliye nayo airudishe.